Masika yaja na duka langu liko chini ya barabara, nijitayarishe vipi safari hii?

MamaNafaka_Kisauni

Assalam aleikum wote, na wasio Waislamu hamjambo. Naomba mawazo kutoka kwa wenye biashara hapa Mombasa manake masika yaja na roho yangu haijatulia kabisa.

Nina duka la nafaka huku Kisauni upande wa Mtopanga, mchele, unga, sukari, pojo, kunde, mafuta ya kupima, na friza moja ya samaki na maji baridi. Duka liko chini ya barabara, si chini sana, washuka ngazi mbili tu, lakini hizo ngazi mbili ndizo zilizonimaliza Novemba 2023 ile mvua ya El Niño. Saa tisa usiku jirani akanigongea mama amka maji, nikatoka mbio na leso na tochi ya simu, nafungua mlango wa chuma nakuta maji hayaingii kwa mlango, yatoka ndani, kile kitundu cha kuoshea sakafu kule nyuma kilikuwa chatokota kama chungu cha maharagwe. Nikasokota matambara nikaziba, nikaweka jiwe juu, wapi. Kufika alfajiri yalikuwa chini kidogo ya goti, baadaye nilipima ile alama ya tope ukutani ni inchi kumi na sita.

Bela za unga za chini zilikuwa zishanyonya, wainua pakiti karatasi yabaki mkononi na unga wote washuka chini umekuwa uji. Magunia ya mchele yalivimba mpaka mshono ukaachia. Lakini kilichoniuma zaidi ni daftari la madeni, lilikuwa droo ya chini ya kaunta. Nililianika juani siku tatu, kurasa zikagandana na wino wa kalamu ya jeli ukatambaa mpaka majina yote yakawa mawingu ya buluu. Wateja wengi walikuja wenyewe wakanambia mama mimi wanidai kadhaa, Mungu awabariki, lakini si wote.

Sasa kakangu mdogo yuko Tampa kule Florida, afanya kazi kwenye ghala la vipuri. Kwao msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba na anambia hawasubiri kimbunga kionekane, mwezi wa tano kila mtu ashajua kazi yake, nani akata mbao za kuziba madirisha, nani apandisha mzigo rafu za juu, nani anazo namba za wafanyakazi wote. Alafu wanahesabu masaa, idara yao ya hali ya hewa ikitoa ilani ya kwanza ni kama saa 48 kabla upepo mkali haujafika, ya pili ni saa 36, na kila ilani ina kazi zake. Mwaka 2024 kimbunga Milton kilipowaendea mwezi wa kumi walikuwa wamefunga kila kitu mapema wakaondoka na familia zao.

Nilipomsikiliza nikaona mimi sina hata karatasi moja ya mpango. Kwa duka kama langu, na nimetenga elfu thelathini, ni vipi vya huko vyafaa huku kwetu? Nianzie wapi?

PwaniTuko

Dada pole sana kwa yaliyokupata. Lakini mambo ya vimbunga usijitie presha, Mombasa tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, na kimbunga ili kijikunje kinahitaji msukumo wa dunia kuzunguka, huku karibu na ikweta msukumo huo ni mdogo sana ndio maana vingi vyaishia Madagaska na Msumbiji. Mi naona hiyo elfu thelathini ongezea mzigo, biashara ikikua utahama hapo ngazi mbili.

Mzee_wa_Kilindini

Mwanangu PwaniTuko hayo ya ikweta umesema kweli, ni nadra, lakini nadra si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba na kuvunja vyombo bandarini, na Unguja ni digrii 6 tu, si mbali na sisi. Na juzijuzi Mei 2024 si mliona Hidaya, kilikuja mpaka kikafika Mafia kule Tanzania kikiwa kishapungua nguvu, sisi huku tukakatazwa kuingia baharini. Mwezi haujesha kikaja kingine, Ialy, kikapita huko nje kikituletea upepo. Msimu wa vimbunga wa bahari yetu ya Hindi huku kusini huwa ni Novemba hadi Aprili na hivi viwili vyote vilikuja mwezi wa tano watu washasahau.

Sasa MamaNafaka, binti yangu, nisikilize. Mimi nimefanya kazi bandarini miaka mingi na nimezaliwa Mji wa Kale. Kinachokuja kukuharibia wewe kila mwaka si kimbunga, ni mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani siku zile bahari ikijaa kupita kawaida. Mitaro mingi ya mji huu mwisho wake ni baharini au kwenye hori. Maji yakiwa yamekupwa mvua hata iwe kubwa ina pa kwendea. Maji yakijaa, tena yakiwa ya bamvua, bahari yapanda karibu mita tatu na nusu na siku nyingine yakaribia nne, ile mdomo ya mtaro yote iko chini ya maji, mvua yashuka kutoka juu na bahari imefunga mlango kule chini. Hapo ndipo maji yarudi nyuma yakitafuta tundu lolote, na tundu lenyewe ni hilo lako la kuoshea sakafu. Hata palipo mbali na bahari mtaro ukiwa umejaa takataka matokeo ni hayo hayo.

Bamvua haina siri, hufuata mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani tarehe moja mbili tatu na tarehe kumi na nne mpaka kumi na saba za mwezi wetu wa Kiislamu, hizo ndizo siku za maji makubwa. Tarehe saba nane na ishirini na moja ishirini na mbili ni maji mafu, hapo hata mvua ikinyesha usingizi waupata. Na maji hujaa mara mbili kwa siku, kila siku yachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Mamlaka ya bandari hutoa jedwali la maji kila mwaka, na siku hizi mwaliona hata kwenye simu. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia kalamu nyekundu siku zote za bamvua za mwezi wa nne wa tano na wa sita, alafu kila jioni sikiliza Idara ya Hali ya Anga yasema nini. Mvua kubwa imetangazwa na siku ina duara jekundu, usilale kabla hujapandisha mzigo. Hiyo ndiyo ilani yako ya saa 48 na haikugharimu hata senti.

Duka_Kongowea

Shikamoo Mzee, hapo kwa bamvua umenifungua macho, mi miaka yote nilkuwa nadhani ni bahati mbaya tu.

Dada MamaNafaka mi niko Kongowea na nshapatwa kama wewe, nakwambia nilivyofanya mimi. Kwanza inua mzigo. Umesema alama ni inchi kumi na sita, basi wewe jenga kwa inchi ishirini na nne. Tofali la simenti likisimama ni inchi tisa, mawili ni kumi na nane, paleti juu yake kama inchi sita, jumla ishirini na nne. Sasa usiweke matofali kila mahali, weka safu mbili kila upande na katikati moja ili paleti isipinde, magunia ya kilo hamsini si mchezo yakivunja paleti yote yaanguka majini mara moja. Na achia mkono mmoja kati ya mzigo na ukuta, ukuta ukilowa unyevu wapita mpaka kwa unga hata kama maji hayajaugusa, utakuja kuona umeganda wiki mbili baadaye. Paleti kuukuu ninazo hapa za bei rahisi tutaongea.

Panga kwa akili, sukari na unga na chumvi juu kabisa, mafuta ya mitungi na vitu vya chupa chini. Mi nilkuwa nafanya kinyume kwa sababu unga ni mzito na wauchukua kila saa.

Pili, na hapa sikubaliani na PwaniTuko hata kidogo, mwezi wa tano usiongeze mzigo, punguza. Mvua nyingi zaidi ya mwaka hapa Mombasa ni Mei. Mi kuanzia katikati ya Aprili mpaka mwisho wa Mei sinunui mzigo wa mwezi, nanunua wa wiki, bei yapanda kidogo lakini mzigo ukiwa kwenye ghala la mwenye jumla ukilowa ni wake si wangu. Ongea na anayekuletea sasa hivi kabla ya msimu, mwambie nataka uniletee kidogo kidogo, akikataa tafuta mwengine, wako wengi.

Tatu magunia ya mchanga. Watu wayajaza mpaka juu wakayashona, hapo umefanya mawe, hayakai vizuri na maji yapita kati kati. Jaza nusu au kuzidi kidogo, kunja mdomo uwe chini, laza kama wajenga ukuta, la juu likalie kiungo cha la chini, kisha kanyaga kwa miguu yashikane. Chini na mbele tandika karatasi ya nailoni nzito ipande na ukuta wa magunia. Na ujue hayazuii maji yote, yapunguza tu, bado wahitaji ndoo na dekio.

FundiStima_Changamwe

Mama mi nataka kuongea moja tu lakini tafadhali liweke mbele ya yote. Stima. Uliingia kwenye maji usiku na soketi zako ziko wapi? Kama ziko inchi kumi na mbili kutoka chini kama nyumba nyingi basi siku ile maji yalikuwa yashazipita na wewe umesimama ndani miguu mitupu. Mungu alikuweka.

Mwite fundi aliye na leseni apandishe soketi zote zifike kifuani, waya zishuke kutoka juu zisitoke chini. Main swichi uifikie ukiwa umesimama pakavu, ikiwa iko ndani kabisa kule nyuma ihamishiwe karibu na mlango. Ukisikia mvua ya kutisha, zima main swichi KABLA maji hayajaingia. Yakishaingia na yamegusa soketi au friza usiingie hata kama unga wote waelea, piga simu kampuni ya umeme wakate kutoka nje. Na maji yakishuka usiwashe kitu mpaka fundi apime, friza iliyolowa mota ukiichomeka siku hiyo hiyo ndio umeiua kabisa, wakati ungeiacha ikauke na ikaangaliwa huenda ingepona.

Wenye genereta, isiwashwe ndani ya duka hata mlango uko wazi. Ule moshi una hewa haina harufu na yaua mtu amelala. Hata huko Florida kwa kakako baada ya vimbunga watu hufa hivyo, kimbunga kishapita.

Na nunua tokeni za stima mapema, siku ya mvua mtandao ukipotea hata pesa unazo kwa simu utakaa gizani.

MamaNafaka_Kisauni

Fundi nimesoma nikaketi chini. Ni kweli nilikuwa miguu mitupu na soketi ya friza iko chini. Sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja, nilikuwa nalilia unga. Hiyo ndiyo ya kwanza basi, kabla ya paleti.

Mzee shukran sana babangu, kesho nanunua kalenda. Kile kitundu je nikizibe kwa simenti kabisa?

Na kuna mtu aelewa bima? Nililipa bima ya duka mwaka ule, kwenda kudai nikaambiwa yangu ni ya moto na wizi tu, mafuriko hayamo. Sikujua kama kuna tofauti.

Mzee_wa_Kilindini

Usizibe kwa simenti, siku ya kuosha maji yatatokea wapi. Mwambie fundi bomba akuwekee valvu ya njia moja kwenye ile paipu, maji yatoka hayarudi. Ukichelewa kuipata, kata mpira wa gurudumu uwe mpana kuliko tundu, uweke hapo na juu yake magunia mawili ya mchanga. Na kabla ya msimu ile paipu izibuliwe, valvu ikiwa na mchanga ndani haifungi.

zamani_wa_bima

Mama pole. Niliuza bima miaka kadhaa kabla sijarudi kwenye biashara yangu na hilo lililokupata nililiona mara nyingi, watu wengi huuziwa karatasi bila kuelezwa, ni makosa ya anayeuza na yaniuma mpaka leo.

Iko hivi. Bima ya moto peke yake ni moto. Mafuriko, dhoruba, paipu kupasuka, hizo zaongezwa kwa malipo ya ziada na lazima ziandikwe kwenye hati yako kwa maneno. Usikubali kuambiwa "imo", mwambie akuonyeshe mstari. Na ujue cha kujitoa, yaani ile sehemu ya kwanza ya hasara utakayobeba mwenyewe, kwa mafuriko huwa kubwa kuliko moto.

La pili watu hawalijui kabisa. Ukiandikisha mzigo kwa thamani ndogo ili ulipe kidogo, siku ya hasara wanakulipa kwa kipimo hicho hicho. Chukua mfano duka lina mzigo wa laki sita wewe ukaandika laki tatu. Maji yakaharibu mzigo wa laki mbili. Wewe wadhani utalipwa laki mbili kwa sababu iko ndani ya tatu. Hapana, uliandika nusu basi unalipwa nusu, laki moja, na bado watoe kile cha kujitoa. Kwa hivyo hesabu mzigo wako wa kweli wa siku za kawaida.

La tatu usisubiri mawingu. Huko Marekani ile bima ya mafuriko ya serikali ukinunua leo yaanza kazi baada ya siku 30, ili watu wasikimbilie kimbunga kishaonekana kwa tivi. Hapa kwetu nayo kampuni haitakuchukua maji yakiwa mlangoni. Fanya sasa.

Na hasara ikitokea usitupe chochote kabla ya kupiga picha. Picha ya duka lote, picha ya alama ya maji ukutani ukiwa umeweka futikamba, picha ya kila rundo la magunia. Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa maandishi, hata meseji. Weka risiti za kununulia mzigo, za miezi ya karibuni, nazo zipige picha zikae kwenye barua pepe, si kwa simu tu. KRA wenyewe, wale wa kodi, wataka uweke kumbukumbu miaka mitano kwa hivyo wala si kazi ya bure. Ukiona waonewa kuna mamlaka ya kusimamia bima, IRA, wapokea malalamiko.

Na daftari la madeni mama, kila jioni ukifunga piga picha ukurasa wa siku hiyo umtumie binti yako au kakako huko Tampa. Dakika moja tu.

Bi_Samaki_Likoni

MamaNafaka nimesoma habari ya friza. Mimi kazi yangu ni samaki, nina friza tatu. Friza ikiwa imejaa na hujaifungua yashika baridi kama saa 48 stima ikienda, ikiwa nusu ni kama saa 24. Kwa hivyo msimu wa mvua isiwe nusu. Pale palipo wazi mi najaza chupa za maji, zaganda, zakuwa barafu ya kunisaidia, na zikiyeyuka ni maji ya kunywa.

Alafu ganda maji kwenye kikombe, weka sarafu ya shilingi tano juu ya barafu, kikombe kikae ndani ya friza siku zote. Stima ikipotea ukiwa umelala au umesafiri, ukirudi angalia sarafu. Iko juu, samaki hawakuyeyuka. Imezama mpaka chini, basi waliyeyuka wakaganda tena, hao usimuuzie mtoto wa mtu. Imenitokea, niliwatupa na machozi, lakini wateja wangu wananiamini.

Na chochote kilichoguswa na maji ya mafuriko, mchele, unga, pojo, usikianike ukauza. Yale maji yamepita vyooni. Makopo ya bati yasiyobonyea yaoshwe na dawa yaweza kupona, chupa za soda na maji ziache manake chini ya kifuniko ndiko uchafu waingia. Wakati wa kusafisha vaa gambuti na glavu, kipindupindu chafuata mafuriko kila mara.

fundi_mabati

Wote mmeongea ya chini mi naongea ya juu kidogo. Upepo ukija hauondoi bati la katikati, waanza pembeni na upenuni, huingia chini ya ncha ya bati ukanyanyua likaanza kupiga piga, baada ya hapo lote laenda. Panda ngazi uangalie misumari ya safu ya mwisho na ya kona zote nne, yenye kutu au iliyoinuka toa weka skrubu zenye mpira, na kwenye hizo kona zikaribiane kuliko katikati. Zile mbao zilizobeba bati zifungwe na ukuta kwa ukanda wa chuma. Bango la duka lishushwe siku ya ilani, bango likiruka lamkata mtu. Na wale wa kubandika utepe kwenye vioo vya dirisha, hausaidii kitu, hata huko Florida wanakatazwa.

PwaniTuko

Nimesoma yote na naomba radhi kwa MamaNafaka, nilikupa ushauri wa haraka. Mimi nina kibanda cha kukodisha maboya na viti vya ufuoni kule Bamburi na Mei 2024 tulipoambiwa tusiingie baharini nilikaa nyumbani nikaacha viti kibandani kwa sababu nilijua kimbunga hakifiki. Hakikufika kweli, lakini mawimbi yalifika. Nilipoteza viti kumi na moja. Mzee hiyo kalenda ya bamvua hata mimi nitaifanya, na viti safari hii vyalala nyumbani.

MamaNafaka_Kisauni

Narudi baada ya wiki tatu kuwaeleza nilipofika, manake mmenipa muda wenu na sitaki kunyamaza.

Fundi wa stima alikuja, si wa bure lakini nimelala. Soketi zote ziko juu na main swichi iko ubavuni mwa mlango, naifikia nikiwa ngazini nje. Valvu ya kitundu imewekwa, tulipozibua paipu ilitoka ndoo nzima ya mchanga na karatasi za nailoni. Matofali yamepangwa, paleti sita ziko juu, nimechora mstari mwekundu ukutani kwenye inchi kumi na sita na hakuna mzigo wowote chini yake isipokuwa mitungi ya mafuta. Bima nimeuliza sehemu mbili, moja ilinionyesha ule mstari wa mafuriko kwenye hati, nyingine ikazunguka zunguka, basi nimejua niende wapi. Daftari kila jioni lapigwa picha lakwenda Tampa, kakangu anijibu na dole gumba hata akiwa kazini.

Kilichonishangaza ni hiki. Jumapili iliyopita mimi na kijana wangu wa dukani tulifunga tukajaribu kama ndio ilani imetolewa, friza ipande kwenye matofali, mzigo wa kaunta upande juu, magunia ya mchanga yapangwe mlangoni, bango lishuke. Nilikuwa nimejiambia ni nusu saa. Tulitumia saa moja na dakika arobaini, mchana, hakuna mvua, stima iko. Usiku wa 2023 nilikuwa peke yangu na dakika ishirini. Kwa hivyo nimeandika kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya mlango, siku yenye duara jekundu na mvua imetangazwa, duka lafungwa saa kumi na moja jioni, si saa tatu usiku, na wateja nishawaambia waje mapema siku hizo. Wengine wamelalamika, nimewaonyesha ile kurasa ya daftari iliyogandana.

Bado mtaro wa mbele. Tumekuwa maduka saba tumechanga tumesafisha kipande chetu Jumamosi, lakini pale chini baada ya kona mtu amejenga ukuta juu ya mtaro na maji yamesimama kijani. Tumeandika barua na picha tukapeleka kaunti, tumeambiwa tusubiri. Nitaenda tena Jumatatu na majirani wanne, na kama kuna mtu hapa alishawahi kufuata jambo kama hili mpaka likafanyika anieleze alianzia ofisi gani.

Elfu thelathini zimebaki elfu nne. Duka_Kongowea kakangu, zile paleti nne ulizoniwekea namtuma kijana na mkokoteni kesho asubuhi saa mbili, tafadhali usimpe mtu.